Kuzingatia na Mazingira: Deni la Wasomi kwa Visiwa vya Wabajuni

Ndugu mwanafunzi, anza kwa kutazama maneno mawili ya Kiswahili: kuzingatia na mazingira. Ndani ya yote mawili inasikika zinga, kitenzi chenye maana ya kuzunguka. Anayezingatia jambo hulizunguka kwa fikra mpaka alione pande zote. Mazingira ni yale yanayomzunguka kiumbe kila upande. Lugha yetu imeyaweka jirani mambo ambayo vyuo vikuu vimeyatenga. Saikolojia imepewa umakini wa binadamu, ekolojia imepewa viumbe na makazi yao, na kila idara imefunga mlango wake. Nashikilia kwamba utengano huo una wahanga. Ukitaka kuwaona, elekea kusini mwa Kismayo, nchini Somalia, kwenye visiwa vya Wabajuni: Koyama, Chovai, Chula, Darakasi na vingine vinavyofuatana kando ya pwani kuelekea Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya. Ni wangapi kati yetu waliowahi kulisikia jina la Darakasi likitajwa darasani?

Wasomi hawawezi kudai kwamba hawakuonywa. Mwaka 1971 mwanauchumi Herbert Simon wa Marekani alieleza kwamba wingi wa habari huzaa uhaba wa umakini. Mwaka 1979 mwanasaikolojia James Gibson alitetea hoja kwamba kuona kwa kiumbe hakuelezeki bila kuyaeleza mazingira anamoishi. Mwaka 2014 Yves Citton, mwanafalsafa anayeandika kwa Kifaransa, alichapisha kitabu kizima kinachodai ekolojia ya umakini. Basi inajulikana kwamba umakini ni rasilimali, kwamba ni haba, na kwamba kuna anayeugawa. Lakini mjadala huo huishia mara nyingi kwenye simu na skrini. Swali gumu zaidi huachwa: je, utafiti wenyewe huugawa vipi umakini wake, na nani hunyimwa fungu?

Tazama jinsi pwani ya Wabajuni ilivyogawiwa. Mwaka 1955 Mwitaliano Vinigi Grottanelli alichapisha kitabu kuhusu wavuvi hawa. Huyo alikuwa mtu wa elimu ya makabila na desturi. Mwaka 1969 Neville Chittick alichapisha ripoti ya uchunguzi wa magofu ya pwani ya kusini mwa Somalia. Huyo alikuwa mwanaakiolojia. Derek Nurse ameishughulikia lahaja ya Kibajuni; huyo ni mwanaisimu. Kazi zao ni za thamani, na bila wao tungekuwa maskini zaidi. Hata hivyo kila mmoja alichukua kipande cha taaluma yake, na hakuna idara iliyopewa jukumu la kuviunganisha vipande hivyo.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Mombasa na kwingineko. Dunia ilipoigeukia tena bahari ile, iligeuka kwa hofu zake yenyewe. Mwaka 2008 zilikuja manowari, kwa sababu ya maharamia. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 2036 kupiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka Somalia, kwa sababu biashara hiyo, ambayo bandari yake kuu ilikuwa Kismayo, iliwatajirisha al-Shabaab. Marufuku hiyo ilikuwa na haki. Lakini ona mti ulivyoingia katika nyaraka za dunia: uliingia kama chanzo cha fedha za vita. Mgunga uliokuwa kivuli cha mifugo na kinga ya udongo ulipewa uzito ulipokwisha kuwa gunia. Kisha, mwaka 2014, Somalia iliishtaki Kenya mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mpaka wa baharini, na hukumu ikatolewa tarehe 12 Oktoba 2021. Eneo lililogombaniwa lilizidi kilomita za mraba 100,000. Wanasheria na wachora ramani waliitazama bahari ile kwa miaka saba, wakitafuta mstari. Samaki hawaujui mstari huo, na Wabajuni wanaishi pande zake zote mbili.

Sasa linganisha na umakini wa mvuvi. Neno bamvua humwambia umri wa mwezi, nguvu ya mkondo na saa ambayo mwamba utaonekana. Maji mafu humwambia kinyume chake. Kusi na kaskazi humwambia lini aende mbali na lini abaki ndani ya miamba. Fikiria pia uvuvi wa kasa kwa chazo, samaki mwenye kigandio kichwani, ambao Wabajuni walisifika nao. Mvuvi humfunga chazo kamba mkiani, humwachilia karibu na kasa, naye hujigandisha kwenye gamba. Ili kufanya hivyo ni lazima mtu azijue tabia za viumbe wawili, mwendo wa maji na mahali penye malisho. Leo kasa wako hatarini na hatuna haja ya kurudisha uwindaji huo. Lakini mhifadhi anayetaka kujua kasa hulisha wapi angepaswa kuanza kwa mzee aliyewahi kushika kamba ile. Kwake saikolojia, ekolojia na isimu ni elimu moja, na kitabu chake ni msamiati. Msamiati ukifa, umakini huo hufa nao, kwa kuwa kijana hawezi kukitafuta baharini kitu ambacho hajapewa jina lake.

Dhihaka kubwa iko mbali na bahari. Nchini Uingereza, baadhi ya Wabajuni walioomba hifadhi wamepimwa kwa uchambuzi wa lugha ili kubainisha kama kweli wametoka Somalia. Hapo ndipo umakini ulipatikana kwa wingi: kila irabu ilisikilizwa. Kibajuni husema mchu pale ambapo Kiswahili sanifu husema mtu. Kijana aliyelelewa ukimbizini Mombasa, akazoea kusema mtu, anaweza kutiliwa shaka kwa sababu ya konsonanti moja. Kisiwa chake hakikusikilizwa kilipokuwa na watu. Ulimi wake unasikilizwa siku ya kuamuliwa kama atafukuzwa.

Nitajibiwa kwamba kule hakuna usalama, na kwamba ubobezi ndio unaozaa elimu ya kina. Jibu la kwanza lina ukweli kuhusu safari ya mashua, lakini halina ukweli kuhusu watu. Wabajuni wako Mombasa, wako Lamu, wako Kismayo, wako London. Kuwauliza hakuhitaji manowari. Kuhusu ubobezi, sikatai kisima kirefu. Nakataa visima vitano vilivyochimbwa katika kiwanja kimoja bila wachimbaji kuulizana maji yanatoka wapi.

Lipo pia jambo la uraia, nalo linatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili. Mwaka 2024 Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu hapo husikika kauli kwamba sasa Kiswahili kitaingia Somalia. Kitaingia kutoka wapi? Kimo humo karne na karne, katika vinywa vya Wabajuni na vya watu wa Barawa. Katiba ya Muda ya mwaka 2012 imeitaja lugha ya Kisomali kuwa rasmi na Kiarabu kuwa ya pili. Lahaja hizi za pwani hazimo katika orodha hiyo. Jumuiya inayojivunia Kiswahili ingeanza kwa kuwatambua raia wake wapya waliozaliwa nacho.

Basi nadai mambo mawili. Taasisi za Kiswahili za Afrika Mashariki zikae meza moja na watafiti wa bahari, ziwaajiri wazee wa Kibajuni kama walimu wanaolipwa, na zikusanye majina ya samaki, miamba, pepo na mikondo pamoja na maelezo ya tabia zake. Nanyi wanafunzi, mnapojifunza neno la baharini, msiridhike na tafsiri yake. Ulizeni nani alilihitaji, katika maji gani na kwa kazi gani. Mkiona kwamba wa kulijibu swali hilo wamebaki wachache, wafuateni kabla hawajaondoka.