Kazi Tulizofanya na Ile Tuliyoitamani

Juma lililopita binti yetu mkubwa, aliyekwisha kupata diploma ya Serikali, alituuliza tukiwa mezani: "Baba, kama ungaliweza kuchagua, ungalifanya kazi gani?" Tulicheka. Lakini usiku tulikosa usingizi, kwa maana tangu kuzaliwa kwetu hakuna mtu aliyepata kutuuliza neno hilo. Kazi zilitujia tu, hatukuzichagua.

Ya kwanza ilikuwa chukudu. Ninyi mkaao mbali na Goma labda hamjui chombo hiki: ni kama baiskeli isiyo na pedali, yote ya mti, na magurudumu yake yamevikwa mpira wa matairi ya motokaa. Toka Kibumba hata mjini barabara yateremka, na kijana aweza kushuka na viazi, kabichi na makala, mzigo wa kilo mia kadhaa. Kushuka ni furaha tupu. Kupanda ni habari nyingine: wasukuma chombo, na jua lakuchoma mgongo. Mwaka 2009 sanamu kubwa ya mwenye chukudu, yenye rangi ya dhahabu, ilisimamishwa mjini. Tulipoiona tulijivuna kidogo, ingawa magoti yetu yalikumbuka mambo mengine.

Kisha tukashika ukarani wa mizani katika ghala moja la kahawa, ambalo hatulitaji jina. Bwana wa ghala alitufundisha namna ya kugusa mizani kwa kidole, ili gunia la mkulima lipungue kilo mbili. Tulifanya hivyo siku nne. Siku ya tano alikuja mzee mmoja, akapokea fedha zake pungufu, akatushukuru kwa mikono miwili. Hatukurudi tena, wala hatukudai mshahara. Siku zile nne zatuuma hata leo.

Baadaye ualimu, miaka ishirini na zaidi. Habari za mwalimu wa Kongo mwazijua: kwa miaka mingi wazazi ndio waliomlisha kwa michango yao, mpaka shule za msingi za Serikali zilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Tuyaache hayo.

Je, tuliyoitamani? Tulikuwa na miaka 7 Nyiragongo ulipopasuka, tarehe 10 Januari 1977. Ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiofika saa moja, kwa mbio ambazo hakuna mguu wa mtu uwezao kuzishinda. Maana uji wa moto wa mlima huu ni mwepesi kuliko wa milima mingine mingi. Babu yetu alisema mlima umekasirika. Sisi tukajiuliza: hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuuangalia, apate kutuambia mapema?

Kumbe walikuwapo. Mwaka 1948 Haroun Tazieff, mjuzi wa miamba aliyefanya kazi Kongo, alitumwa kutazama moto wa Kituro, na tangu hapo hakuiacha milima ya namna hiyo. Mwaka 1986 Goma ilipata kituo chake chenyewe cha kuchungua volkano. Watu wake hutega vyombo visikiavyo mitetemeko ya ardhi, hupima joto la nyufa na hewa itokayo mlimani. Hutafuta pia mazuku, ile hewa isiyo na rangi ituamayo mabondeni karibu na ziwa, na kuua mbuzi, hata mtoto aliyetumwa kuni. Hiyo ndiyo kazi tuliyoitaka: kusimama ukingoni, mita 3,470 juu ya bahari, na daftari mkononi.

Si kazi ya kupewa heshima nyingi. Kabla ya tarehe 17 Januari 2002 Dieudonné Wafula, Mkongo mwenzetu, alikuwa ameona dalili na kuonya. Siku ile moto ulipita katikati ya mji, ukala nyumba yetu, kanisa kuu na sehemu ya kiwanja cha ndege. Na tarehe 22 Mei 2021 hapakuwa na onyo lolote. Fedha za kituo zilikuwa zimepungua, na kwa miezi kadhaa vyombo vilikosa mtandao wa kupeleka habari. Siku tano baadaye watu wakaamriwa kuondoka. Tulikwenda kwa miguu hata Sake, binti yetu akimbeba mdogo wake mgongoni. Nadhani swali lake lilizaliwa katika njia ile.

Maana hakuuliza bure. Ataka kusoma elimu ya miamba katika chuo kikuu. Mama yake akasema: "Baba watoto, msichana juu ya mlima utemao moto, na vita porini? Na mshahara usipokuja?" Hakukosea. Mji ulipotwaliwa na M23 Januari 2025, mabenki yalifungwa, tukaona jinsi fedha ziwezavyo kuwa zako na zisifikike. Tulichobaki nacho ni kiwanja kidogo, tulichokiweka kwa ajili ya uzee wetu.

Mnunuzi aja Jumamosi. Mama hajasema ndiyo. Lakini jana jioni aliitoa hati ya kiwanja sandukuni, akaikung'uta vumbi, akaiweka mezani karibu na taa.