Usafiri wa anga katika Delaware

Delaware ni jimbo dogo kwenye pwani ya mashariki ya Marekani. Lina historia ndefu ya usafiri wa anga, lakini kwa vipindi kadhaa halikuwa na safari za ratiba za ndege za abiria.

Historia

Mwaka 1928 Giuseppe Bellanca, mhandisi mzaliwa wa Italia, alifungua kiwanda cha ndege karibu na New Castle. Ndege zake zilisifika kwa kwenda mbali bila kutua. Mwaka 1931 marubani Clyde Pangborn na Hugh Herndon walitumia mojawapo, Miss Veedol, kuvuka Bahari ya Pasifiki kutoka Japani hadi jimbo la Washington. Walikuwa wa kwanza kuivuka bila kutua njiani. Baada ya kuruka waliangusha magurudumu ili ndege iwe nyepesi, wakatua kwa tumbo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, uwanja wa New Castle ulikuwa wa jeshi. Septemba 1942 kikosi cha marubani wanawake, kikiongozwa na Nancy Love, kilianza kazi hapo. Kilipeleka ndege mpya kutoka viwandani hadi kambi za jeshi.

Leo kituo cha jeshi la anga cha Dover hutumia ndege kubwa za mizigo za C-5 na C-17. Miili ya wanajeshi wa Marekani waliofia ng'ambo hupokewa huko.

Hali ya sasa

Uwanja wa zamani wa jeshi sasa ni uwanja wa ndege wa Wilmington. Kampuni ya Frontier iliondoka mwaka 2015, ikarudi 2021, ikaondoka tena 2022. Avelo ilianza safari Februari 2023.

Udogo wa jimbo peke yake hauelezi hali hiyo. Rhode Island ni dogo zaidi, lakini uwanja wake mkuu hutumiwa na kampuni kadhaa. Tofauti kubwa ni umbali: Boston iko takriban kilomita 80 kutoka Providence, ilhali uwanja mkubwa wa Philadelphia uko karibu zaidi na Wilmington, nao una safari nyingi. Hivyo kampuni ya nauli nafuu inaweza kuvutwa na uwanja mdogo usio na msongamano, lakini abiria wake wana pengine pa kwenda. Jimbo linalotegemea kampuni moja au mbili hubaki bila safari mara zinapoondoka, na anayeumia kwanza ni msafiri asiye na gari.