Mto Athi: Kiwanda Hupigwa Faini, Jiji Je?

Chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, pale Fourteen Falls, Mto Athi huporomoka ukiwa na povu zito linaloganda kwenye mawe, chupa za plastiki zikizungukazunguka ndani yake. Mtalii huziba pua akaondoka. Mkulima wa Matungulu anayeshusha pampu mtoni kunyweshea sukumawiki hana pa kwenda.

Sheria ipo, tena ni kali. Kanuni za Ubora wa Maji zinataka majitaka yanayoingia mtoni yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu. Kiwango hicho ni kimoja kwa kiwanda cha ngozi cha mji wa Athi River na kwa mabwawa ya majitaka ya jiji la Nairobi.

Utekelezaji ndio unaobagua. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inaweza kufunga kiwanda. Itafungaje mabwawa ya Ruai, yanayopokea choo cha Nairobi na kumwaga maji katika mto unaoungana na Athi? Yakifungwa leo, kesho uchafu utateremka ukiwa mbichi. Nayo faini ikitozwa shirika la umma linaloyaendesha, mlipaji ni mwananchi yuleyule anayelipa bili ya maji. Afadhali mahakama itumie kifungu cha 142 cha sheria ya mazingira, kinachoiruhusu kumwamuru mchafuzi asafishe alipochafua, na impe tarehe.

Viwanda navyo si rahisi kuvinasa. Kipimo cha BOD huchukua siku 5 maabarani. Aliyefungulia bomba usiku wa mvua, maji yake yatakuwa yameshafika mbali. Ndiyo maana kanuni humtaka mwenye leseni ya kumwaga majitaka ajipime mwenyewe na kupeleka rekodi NEMA kila robo mwaka. Rekodi hizo zianikwe hadharani, za Ruai zikitangulia. Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira safi bila kuthibitisha hasara, lakini bila takwimu ataishia kulalamikia harufu.

Wenye viwanda Mavoko, uliko mji huo wa Athi River, watasema gharama zitaua ajira. Yule aliyekwisha kujenga mtambo wake wa kusafisha majitaka angewajibu vizuri zaidi: anashindana sokoni na jirani anayemwaga bure.

Na muda unayoyoma. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018 mahali Athi inapokutana na Mto Thwake, limekusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688 za maji, yakiwemo ya kunywa. Kisichosafishwa Ruai na Mavoko kitabidi kisafishwe huko, kwa bili ya watu wa Makueni watakaoyanywa.