Mwenye Kupika na Aonje Kwanza

Hapa kwetu Fizi na Baraka kuna ugomvi usiokwisha juu ya pombe. Wazee wasema: pombe ya kweli ni ile ya mababu, mengine yote ni upuuzi. Vijana wajibu: dunia imeendelea, tuacheni tujaribu. Nasi makatekista twaombwa kuamua, maana ugomvi huo waingia hata katika karamu za ndoa na za ubatizo. Basi leo twajibu, wala hatutawapendeza wote.

Kwanza twasema nanyi, wazee wetu, kwa heshima. Mwasema kwamba pombe ya mahindi na ya mihogo ni ya mababu tangu kale. Lakini mimea hiyo miwili asili yake ni Amerika. Wareno ndio walioileta Afrika tangu karne ya 16. Hata ndizi zilitoka Asia, zamani sana. Basi alikuwako bibi mmoja aliyetia mahindi mageni katika chungu chake mara ya kwanza, na pengine jirani zake walimcheka. Mila mnayoitetea ilianza kwa kujaribu.

Lakini bibi huyo alijaribu namna gani? Aliloweka mahindi, akayafunika mpaka yakachipua, akayaanika, akayatwanga. Alijua, bila kwenda shule, kwamba kimea ndicho kinachoutia uji utamu, na pasipo utamu pombe haichachuki. Mihogo michungu aliiacha majini siku kadhaa, kwa kuwa ina sumu. Tena alipika uani, mbele ya macho ya watu, na siku ya karamu yeye mwenyewe alionja kabla ya wageni. Kama chungu kilikuwa kibaya, tumbo la kwanza kuuma lilikuwa lake.

Je, ninyi vijana, majaribio yenu yako hivyo? Kutia sukari na chachu ya dukani si dhambi, kama mwasema wazi. Lakini wako wasioishia hapo. Wapika kanyanga porini usiku, wapitisha mvuke katika mabomba waliyookota popote, watia vitu wasivyothubutu kuvitaja ili iwe kali upesi. Kisha waijaza katika bidoni na kuiuza, na wao wenyewe wanywa bia ya chupa! Hilo si jaribio, ndugu zangu. Ajaribuye kweli huanza na tumbo lake. Hawa waanza na matumbo ya watu. Haraka haraka haina baraka, nasi wa Baraka tumekuwa wa kwanza kulisahau neno hilo.

Wala msidhani twawatisha bure. Mwezi wa Novemba 2000, huko Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, yaani spiriti ya viwandani. Mwaka 2010 huko Kabale, Uganda, wengi wakafa kwa waragi ya namna hiyo. Methanoli kwa kuitazama haina tofauti na pombe kali, lakini mwilini hugeuka sumu. Hupofusha macho, hata huua.

Wengine wasema: dawa ni kukataza. Mapatano ya Saint-Germain ya mwaka 1919, ambayo Ubelgiji iliyatia sahihi, yalikataza kutengeneza pombe kali ya mvuke katika sehemu kubwa ya Afrika. Je, moto ulizimika? Ulihamia porini tu.

Sisi twataka kanuni moja. Pombe iwe ya kale au mpya, ipikwe mchana, vilivyotiwa ndani vitajwe vyote, na mpishi anywe kikombe cha kwanza mbele ya wanunuzi. Hatusemi kwamba kuonja kwaondoa sumu, maana methanoli huchelewa kuuma. Lakini mtu ajuaye kwamba atakunywa mwenyewe hatii asichoweza kukitaja.

Kule Kana msimamizi wa karamu alionja kabla ya wageni, na watumishi walijua walichotia katika mitungi. Divai ile ilikuwa mpya kabisa, wala hakuna aliyeikataa kwa upya wake.

Basi, ndugu msomaji, ukialikwa karamuni, uliza kwa adabu: mama, wewe umekwisha kunywa? Akinyamaza, rudisha kikombe.