Tarehe Iliyo Juu ya Jiwe la Mugere

Anayetoka Bujumbura kwa matembezi ya siku moja upande wa Rumonge husimama kwanza Mugere, kwenye jiwe kubwa lililochorwa majina ya wasafiri Livingstone na Stanley. Wengi huambiwa kwamba hapo ndipo Stanley alipompata Livingstone na kumsalimu kwa yale maneno yaliyovuma duniani. Wanaoamini hivyo wana sababu: majina yote mawili yapo, na mwezi ulioandikwa ni uleule wa mkutano wao. Hata hivyo, dai hilo halisimami.

Kwanza, jiwe lenyewe linalikanusha. Limeandikwa 25-XI-1871, ilhali Stanley aliandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba. Ni kweli kwamba hesabu ya siku za wasafiri wale ina mashaka, kwani Livingstone alikuwa amepotewa na tarehe. Lakini kuhusu mahali hawapingani. Ni Ujiji, zaidi ya kilomita 150 kusini.

Pili, Mugere walifika pamoja. Walitoka Ujiji kwa mtumbwi wakafuata ufuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini, wakipita mbele ya Rumonge na Muhuta za leo, hadi kwa chifu Mukamba aliyewapokea. Walitaka kujua jambo moja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, ziwa hilo lingeweza kuwa chimbuko la Nile. Wasafiri waliowatangulia, Burton na Speke, walijaribu mwaka 1858, wakarudi bila kufika kwenye mlango wa mto. Safari hii Ruhinga, nduguye Mukamba, aliwaeleza wageni kwamba unaingia. Wakaenda, wakaona mkondo ukimwagika ziwani.

Wapo wanaosema kwamba, ikiwa hawakukutana hapa, jiwe halina thamani. Hao nawapinga kwa nguvu zaidi. Mkutano wa Ujiji ulikuwa habari ya gazeti, na ni New York Herald lililomtuma Stanley kuitafuta. Suala la Rusizi, lililowaleta Mugere, lilihusu ziwa zima, na jibu lilikuwa tayari vinywani mwa wenyeji.

Kwa hiyo gari lisigeuzwe Mugere. Liendelee hadi Gitaza, Muhuta, ambako milima inaibana barabara kando ya maji yaleyale waliyoyapita. Na waongozaji wamtaje Mukamba: wageni walilala kwake, lakini jina lake halimo jiweni.