Chemsha Utakavyo, Floraidi Haitoki

Maji ni uhai, wimbo huo tumeuimba tangu chekechea. Siku hizi lakini uhai wenyewe unakuja kwa aina aina: maji ya mfereji, ya kisima, ya kuchemsha, ya kutiwa dawa, ya kuchujwa, ya chupa, na hata yaliyokenekwa, ambayo mafundi wa magari huyaita maji ya betri. Mmoja atakuapia kwamba pasipo chupa yeye hanywi. Mwingine atacheka na kusema babu yake alikunywa ya mto hadi akazeeka. Mimi naona wanabishana bure, maana hawajauliza swali la kwanza: maji ya kwetu yana nini ndani yake?

Sisi wa huku Bonde la Ufa, Naivasha, Gilgil, Elementaita hadi Nakuru na vitongoji vyake, tuna maadui wawili majini. Wa kwanza ni viini vya maradhi, na huyu tunamjua. Kipindupindu kilipozuka nchini Oktoba 2022 kikaendelea 2023, watu walihimizwa wachemshe maji. Ushauri ulikuwa sawasawa kabisa. Maji yakitokota vizuri kwa dakika moja, au tatu ukitaka kuwa na hakika, viini hufa. (Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama kitabu cha Fizikia kisemavyo. Msiwe na hofu, viini hufa vile vile.) Asiye na makaa atie dawa ya klorini, asubiri nusu saa.

Adui wa pili ni floraidi, na huyu haogopi moto. Ni madini yatokayo kwenye miamba ya volkano, nayo maji yaliyokaa sana ardhini huyayeyusha. Ukiyachemsha kutwa nzima unazidisha taabu tu, kwa kuwa mvuke unapaa na madini yanabaki sufuriani. Klorini haiigusi. Chujio la kawaida la udongo huzuia tope na viini, lakini floraidi inapita kama mwenye nyumba. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo.

Matokeo tunayaona tukicheka. Na hapa ndipo ninapokasirika. Wenzetu kutoka sehemu nyingine za nchi wakija huku huuliza, eti kwa nini watu wa hapa hawapigi mswaki? Jamani! Rangi ile ya kahawia haitoki kwa mswaki, maana iliingia jino likiwa bado ndani ya ufizi, mtoto hajafika miaka 8. Kuna wasichana wazuri wanaoziba mdomo kwa mkono wakicheka, na wavulana ambao hawana picha hata moja wakitabasamu. Tena meno ni nafuu. Anayekunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi huweza kuharibika mifupa, viungo vikauma na mgongo ukakakamaa.

Haya, tuchague basi. Maji ya chupa yaliyotengenezwa vyema, kwa zile mashine zinazosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, hupunguzwa floraidi. Sikatai. Lakini piga hesabu. Familia ya watu 6, kila mmoja lita 2 kwa siku, ni lita 360 kwa mwezi, yaani mitungi 18 ya lita 20. Nani kati ya wazazi wetu ataweza hayo na karo yetu juu? Na hayo ni ya kunywa tu. Uji wa mtoto unapikwa kwa maji gani? Ya kisima! Chai je? Ya kisima, na majani ya chai yenyewe yana floraidi yake. Utakuta chupa imewekwa mezani kwa ajili ya mgeni, huku mtoto yuko jikoni anamaliza kikombe cha uji. Hayo si maji ya kunywa, ni maji ya heshima.

Kukeneka huondoa floraidi na viini pia, tumefanya katika maabara ya Kemia. Ila kugeuza maji yote kuwa mvuke hula joto kama mara 7 ya lile la kuyafikisha mtokoto. Kwa jiko la makaa, sahau.

Kuna chujio la mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa, ikasagwa, na punje zake hunasa floraidi. Jimbo Katoliki la Nakuru limewahi kuyatengeneza kwa matumizi ya nyumbani, na yanafanya kazi. Wapo wasiopenda kusikia neno mifupa karibu na maji yao, na siwalaumu. Udhaifu wake hasa ni kwamba mkaa hujaa, na ulimi hauwezi kukuambia umejaa lini. Usipopima na kuubadilisha kwa wakati, unakunywa floraidi ile ile ukidhani umepona.

Chaguo langu mimi liko juu ya paa. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutajika. Wacha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati, kisha kinga. Yachemshe au utie dawa, adui wa kwanza naye aondoke. Najua tangi dogo halitoshi watu wote na ng'ombe. Basi yawe ya wadogo zetu wasiofika miaka 8, ya kunywa na ya uji. Wakitumia lita 5 kwa siku, tangi la lita 1,000 litawafikisha siku 200, na kiangazi chetu cha Desemba hadi Machi kitapita lingali na maji. Sisi wakubwa, ambao meno yetu yameshaamua, tutakunywa ya kisima mpaka chujio lipatikane, na nguo zifuliwe kwa hayo hayo.

Floraidi haionekani wala hainuki, kwa hivyo anayetaka kujua hana budi kupima. Namwomba Mwalimu Mkuu kwa heshima, kupitia ukurasa huu, maji ya kisima chetu cha shule yapelekwe maabara muhula ujao, na karatasi ya majibu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pale karibu na jikoni, hata kama majibu yenyewe hayapendezi.