Paneli Inayochoshwa na Jua Lenyewe

"Mzee, sola imechoka." Ndivyo alivyoniambia fundi mmoja hapa Mzinga, Morogoro, miaka mingi iliyopita, akiwa juu ya bati saa sita mchana na mita mkononi. Paneli yenyewe ilikuwa ndogo, ya kioo, rangi ya kahawia iliyokoza. Karatasi ya mgongoni iliandikwa wati 14. Kwa jua lile, na milima ya Uluguru haina hata wingu, ilipaswa kutoa karibu ampea moja. Mita ikasoma nusu. Tukaifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, tukapima tena, ikasoma nusu ile ile. Haikuwa imepasuka, waya haukulegea, na haikuwa imemaliza hata mwaka juu ya paa.

Nilidhani nimeuziwa kitu kibovu, na huenda ni kweli. Lakini baadaye nilijifunza jambo ambalo muuzaji hakulisema, na pengine hakulijua: paneli za aina ile, za utando mwembamba wa silikoni isiyo na fuwele, hupungua nguvu kwa kuanikwa juani tu. David Staebler na Christopher Wronski walilieleza hilo mwaka 1977 wakiwa katika maabara za RCA, Marekani. Miezi ya mwanzo hupotea asilimia 10 hadi 30 ya nguvu, kisha paneli hutulia. Mtengenezaji mwaminifu huandika wati zitakazobaki baada ya kutulia. Asiye mwaminifu huandika za siku ya kwanza, au huandika anachotaka.

Jirani zetu wa Kenya waliyaonja haya kwa wingi. Miaka ya 1990 paneli ndogo za aina hiyo zilienea vijijini, watu wakizinunua kwa fedha zao wenyewe. Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen walifuatilia ubora wake, na waliyoyachapisha mwaka 2002 yalionyesha kwamba baadhi ya chapa zilikaribia maandishi yake na nyingine zilikuwa chini sana. Dukani zote zilifanana.

Nayarudia haya kwa sababu toleo hili linahusu perovskaiti, malighafi mpya ya paneli za sola, na nahofia tusije tukauziwa tena karatasi ya mgongoni.

Jina hilo ni la jiwe lililopatikana milima ya Ural, Urusi, ambalo Gustav Rose aliliita hivyo mwaka 1839 kwa heshima ya Lev Perovski. Perovskaiti ya sola si jiwe hilo. Imefanana nalo kwa umbo la fuwele tu. Ndani yake kuna risasi, iodini (ile ile ya chumvi yenye madini joto) na mara nyingi bromini. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake wa Japani waliitumia wakapata ufanisi wa asilimia 3.8. Leo, ikitandazwa juu ya silikoni, maabara zimevuka asilimia 34. Mwaka 2024 Oxford PV ilipeleka kwa mteja wa Marekani paneli zake za kwanza za biashara, zenye ufanisi wa asilimia 24.5. Kufika kwetu ni suala la muda.

Sasa tuutazame utando huo wa perovskaiti kwa karibu. Unene wake ni kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Bromini huongezwa ili utando unase mwanga wa buluu na kijani, uuachie mwekundu upite hadi kwenye silikoni iliyo chini. Mwaka 2015 Eric Hoke, Michael McGehee na wenzao wa Stanford walieleza kinachotokea mchanganyiko huo ukipigwa na mwanga: ndani ya dakika moja unaanza kukatika kama tui. Iodini inajikusanya huku, bromini kule. Penye iodini nyingi panakuwa kama mabonde, elektroni zinatiririkia humo na kunasa, na volti inashuka. Ila tui likikatika halirudi. Utando huu, mwanga ukizimwa, hujichanganya upya baada ya dakika chache kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapo ndipo penye mtego. Paneli inaweza kuchoka mchana, ikapumzika usiku, na asubuhi ikampokea fundi ikiwa nzima. Akipima saa mbili asubuhi ataisifu.

Upo pia uchovu usio na kupona. Mwanga, hewa na unyevu vikikutana ndani ya utando, fuwele huvunjika na kubakiza unga wa manjano wa risasi na iodini. Risasi hiyo ni chini ya gramu moja kwa mita ya mraba. Bado sitaki ioshwe na mvua kuingia Mto Mzinga, unaoelekea Bwawa la Mindu ambalo mji unakunywa maji yake.

Kipimo maarufu cha IEC 61215 huifungia paneli kwenye joto la digrii 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000. Ni kipimo kikali, lakini kwa kawaida hufanywa gizani. Ndiyo maana nafurahi kwamba mwaka 2020 watafiti wa nchi nyingi walikubaliana juu ya vipimo vya perovskaiti vyenye mzunguko wa mwanga na giza. Hata hivyo hakuna kabati la maabara linalokuwa bati la Morogoro mwezi wa kumi na mbili, ambapo paneli hufika digrii 60 na zaidi, wala ukungu wa Nyandira, kule mlimani. Sisi tunavyo vyote viwili, kwa safari ya saa chache za gari.

Kwa hiyo msimamo wa jarida hili ni huu. Shirika la Viwango Tanzania lidai, kabla paneli hizi hazijaingia dukani, kwamba wati zinazoandikwa ziwe za baada ya kukaa juani. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko hapa hapa mjini. Kisimamishe vichanja viwili, kimoja bondeni na kingine mlimani, na vipimwe mwaka mzima, asubuhi, mchana na jioni.

Nawe msomaji mwenye paneli ya aina yoyote juu ya bati, soma karatasi ya mgongoni, mwite fundi aje saa sita mchana, kisha utuandikie namba zote mbili. Tutazichapisha.